Wanafunzi wa Bunia na umeme mchache: nini humfanya mtu azime taa?

Jua huzama Bunia karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, kwa sababu mji huu uko jirani kabisa na ikweta. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepanga chumba mtaani, hiyo ndiyo saa ya kupiga hesabu. Mashine, kama wanafunzi wa Kongo wanavyoiita kompyuta ya mkononi, imebakiza chaji ya saa moja na nusu. Simu imebakiza nusu. Kazi ya profesa inatakiwa kesho asubuhi. Betri ya chumbani inaweza kuwasha taa mbili hadi saa nne usiku, au taa moja hadi usiku wa manane. Kipi kitangulie?

Katika vyuo vingi vya dunia, wanafunzi hukumbushwa kubana matumizi ya umeme kwa mabango na barua pepe. Bunia hakuna anayehitaji bango. Lakini je, mwanafunzi anayetumia umeme kidogo kwa kuwa hana mwingine, anaokoa nishati kweli? Na siku umeme utakapokuwa wa kutosha, ataendelea kuzima taa?

Swali hilo si la kinadharia. Mji mkuu wa Ituri una Chuo Kikuu cha Bunia, Chuo Kikuu cha Shalom, Chuo Kikuu cha Kianglikana, taasisi ya ualimu ya ISP na taasisi nyingine za elimu ya juu. Maelfu ya vijana wanaosoma humo ndio watakaokuwa walimu, wauguzi, wahandisi na wenye nyumba wa kesho. Namna wanavyojifunza kutumia nishati leo ndiyo namna mji utakavyoitumia.

Umeme unaotoka mbali, na usiofika

Umeme wa maji wa Bunia una historia ya dhahabu. Bwawa la Budana, kwenye mto Shari, lilijengwa wakati wa ukoloni wa Kibelgiji kwa ajili ya migodi ya Kilo-Moto. Mitambo yake ilikusudiwa kusaga mawe yenye dhahabu, si kuwasha taa za mji wenye mamia ya maelfu ya watu. Miaka imepita, mji umepanuka, wakimbizi wa vita wameongezeka, na mitambo imezeeka.

Msaada kutoka magharibi mwa nchi haukufika. Inga 1 ilianza kazi mwaka 1972 na Inga 2 mwaka 1982, lakini waya mkubwa wa Inga ulivutwa kilomita karibu 1,700 kwenda kwenye migodi ya Katanga, si Ituri. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, ni karibu mtu 1 tu kati ya 5 anayepata umeme katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi yenye mito yenye nguvu kuliko karibu nchi zote za Afrika.

Pengo hilo hujazwa na jenereta, paneli za jua za juu ya bati, betri, na vibanda vya kuchaji simu kwa malipo. Sheria ya umeme ya Juni 2014 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi. Kampuni ya Nuru, iliyozindua kituo cha jua cha megawati 1.3 mjini Goma mwaka 2020, ilitangaza Julai 2023 kwamba imepata mtaji wa zaidi ya dola milioni 40 kwa ajili ya miradi mipya, na Bunia ilikuwa miongoni mwa miji iliyotajwa.

Kwa hiyo mji uko njiani kati ya enzi mbili: ile ya kukosa na ile ya kuchagua. Ndiyo maana inafaa kujua ni kitu gani hasa humsukuma kijana msomi kubana matumizi.

Kukosa si kuokoa

Mwenye njaa hajafunga. Vivyo hivyo, aliye gizani hajaokoa umeme. Dalili yake huonekana siku umeme unaporudi baada ya kukatika kwa muda mrefu: kila swichi huwashwa, pasi huchomekwa, redio hupigwa, simu zote huchajiwa kwa pamoja, na taa huachwa zikiwaka hadi asubuhi kwa sababu hakuna anayejua umeme utaondoka saa ngapi. Huo si ujinga. Ni akili ya mtu asiyeamini kesho. Kama hujui maji yatatoka lini tena, unajaza kila ndoo.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kuokoa nishati ni uhakika. Mtu hutunza kitu anachojua kwamba kesho bado kitakuwepo, na kwamba alichokibakiza leo kitamfaa yeye. Betri huwafundisha wanafunzi somo hili vizuri kuliko waya wa mtaani, maana kinachobaki ndani ya betri saa nne usiku bado ni chako saa kumi alfajiri.

Hesabu ya paneli moja

Tuchukue mfano wa nyumba ya wanafunzi watano waliochanga na kununua paneli moja ya wati 100. Katika eneo la ikweta, siku ya kawaida huwa na jua kali linalolingana na saa nne au tano za nguvu kamili. Ukiondoa kinachopotea kwenye waya, kidhibiti na betri, wanabaki na kama wati-saa 350 kwa siku.

Taa tatu za LED za wati 7, zikiwaka saa tano, hula wati-saa 105. Simu tano hula kama 75. Mashine moja ya wati 45, ikifanya kazi saa tatu, hula 135. Jumla ni 315. Wanatosheka, na kidogo kinabaki.

Sasa mmoja alete balbu ya zamani ya wati 60 na kuisahau ikiwaka usiku kucha kwa saa nane. Balbu hiyo peke yake inataka wati-saa 480, kuliko nyumba nzima. Au mwingine achomeke hita ya maji ya wati 1,000 kwa dakika 20 ili aoge kabla ya mtihani: wati-saa 333 zimekwenda, kama betri na kigeuzi chao vitahimili.

Anayefanya hesabu hii mara moja hawezi kuisahau. Tunadhani taa ndiyo mlaji mkubwa kwa sababu tunaiona, kumbe vifaa vinavyotengeneza joto, yaani pasi, hita, jiko la umeme na birika, ndivyo vinavyomaliza umeme. Mwanafunzi anayezima taa ya LED kwa bidii halafu anapiga pasi shati moja kila asubuhi, badala ya kupiga mashati yote mara moja kwa wiki, anabana senti na kumwaga faranga.

Lakini maarifa peke yake hayatoshi. Kila mtu anajua kwamba kulala mapema kabla ya mtihani ni vizuri.

Nani analipa?

Nikiwa mwanafunzi nilipanga katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja. Kila mwisho wa mwezi bili iligawanywa sawa kwa sawa. Jirani yangu wa chumba cha pili alikuwa na jiko la umeme, akipika maharage tangu mchana.

“Ndugu, hilo jiko linatumaliza,” nilimwambia siku moja.

“Si tunalipa sawa?” alinijibu, akicheka.

Wiki iliyofuata, na mimi nilinunua langu.

Hesabu ilikuwa upande wake. Katika nyumba ile, nikiokoa umeme wa faranga 600, mimi nafaidika faranga 100 tu, na 500 zinakwenda kwa majirani. Nikitumia umeme wa faranga 600 zaidi, nalipa 100 tu. Mfumo ulimlipa mharibifu na kumtoza mwangalifu. Ndivyo ilivyo pia pale ambapo mwenye nyumba anajumlisha umeme ndani ya kodi: mpangaji hana sababu ya kuzima chochote.

Utafiti wa Afrika Kusini unaonyesha uzito wa jambo hili. Mjini Cape Town, wachumi Kelsey Jack na Grant Smith walifuatilia wateja waliohamishwa kutoka bili ya mwezi kwenda kwenye mita za kulipa kabla. Matumizi yao ya umeme yalishuka kwa takriban asilimia 14. Hakuna aliyewahubiria. Walianza tu kuona pesa ikiondoka wakati uleule wanapotumia, kama mtu anunuavyo vocha ya simu.

Wanafunzi wa Kongo wanaielewa mantiki hiyo tangu zamani. Hakuna anayeacha video ikijicheza yenyewe kwenye simu wakati amenunua megabaiti za faranga 500. Umeme wa kulipa kabla, chumba kwa chumba, huugeuza umeme kuwa kama megabaiti: kila mtu anajua zake zimebaki ngapi.

Macho ya wenzako

Hata hivyo, pesa si kila kitu, na pengine si kitu cha kwanza. Vyuo vya Marekani vilitoa nafasi nzuri ya kulipima hili, maana katika mabweni mengi wanafunzi hawalipi bili ya umeme kabisa. Je, watu wasiolipa hata senti wanaweza kuokoa?

Mwaka 2005, Chuo cha Oberlin katika jimbo la Ohio kilishindanisha mabweni yake kwa wiki mbili. Matumizi ya umeme yalishuka kwa wastani wa asilimia 32. Mabweni mawili yaliyowekewa skrini za kuonyesha matumizi papo kwa papo yalishusha kwa asilimia 55, wakati yale yaliyopewa takwimu mara moja kwa wiki yalishusha kwa asilimia 31. Kuona kulikuwa na nguvu yake yenyewe.

Watafiti Magali Delmas na Neil Lessem walikwenda mbali zaidi katika mabweni ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Wanafunzi walipopewa taarifa za matumizi yao kwa siri, hawakubadilika. Taarifa hizo zilipobandikwa hadharani, kila mtu akajua chumba kipi kinabana na kipi kinamwaga, matumizi yalishuka kwa asilimia 20. Hakuna aliyetaka jina lake lisomwe vibaya ukumbini.

Kuna jambo la ajabu ndani yake. Katika utafiti mwingine wa California, uliochapishwa mwaka 2008, watu waliulizwa kwa nini wanaokoa umeme. Walitaja mazingira, kizazi kijacho na pesa. Jambo waliloliweka mwisho, yaani kwamba majirani wanafanya hivyo, ndilo lililolingana zaidi na matendo yao. Watu hawajui, au hawapendi kukiri, jinsi wanavyoangaliana.

Bunia haihitaji skrini za bei ghali kwa hilo. Mahali ambapo wanafunzi wanachangia paneli, kuangaliana kupo tayari, na kijitaa cha kidhibiti kinachobadilika rangi betri inapopungua ndicho skrini yao. Kikigeuka chekundu, swali ni moja: nani? Aibu ndogo mbele ya wenzako watano hufanya kazi ambayo hotuba ya saa nzima haiwezi.

Lakini aibu ina mipaka. Watafiti waliofanya kazi na kaya za San Marcos, California, mwaka 2007 waligundua kwamba walioambiwa kuwa wanatumia kidogo kuliko majirani walianza kutumia zaidi. Waliona kama wamejinyima bure. Tatizo lilitoweka pale ujumbe ulipoongezewa alama ndogo ya uso wenye tabasamu. Anayebana naye anataka kuonekana na kusifiwa, si mharibifu peke yake kuonywa.

Makala na msitu wa Ituri

Tukizungumzia nishati Bunia na kuishia kwenye umeme, tutakuwa tumesema nusu. Nishati kubwa ya mwanafunzi iko kwenye babula. Zaidi ya Wakongo 9 kati ya 10 wanapika kwa kuni au kwa makala, ndivyo makaa yanavyoitwa huku. Makala hayo hutoka vijijini na misituni, na barabara isipopitika kwa sababu ya mapigano, bei mjini hupanda na kipimo cha muuzaji hupungua.

Nyuma ya kila gunia kuna mti. Upande wa Mambasa, katika jimbo hilihili, iko Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, yenye kilomita za mraba zipatazo 13,700, iliyoandikwa na UNESCO kama urithi wa dunia mwaka 1996 na kuwekwa kwenye orodha ya zilizo hatarini mwaka uliofuata. Uchimbaji wa dhahabu, silaha na ukataji wa miti vyote vinaibana. Mwanafunzi mmoja na kopo lake la makala hawezi kuiua wala kuiokoa. Mji mzima unaweza.

Kwa nini basi wanafunzi wote hawatumii majiko bora yanayokula makaa kidogo? Jibu zuri limetoka Nairobi. Watafiti Susanna Berkouwer na Joshua Dean walifuatilia kaya zipatazo 1,000 zilizokuwa zikipika kwa makaa. Jiko bora lilipunguza matumizi ya makaa kwa asilimia 39, sawa na kuokoa dola kama 119 kwa mwaka. Jiko lenyewe liliuzwa kama dola 40. Lakini wengi walikuwa tayari kutoa dola 12 tu kwa wastani. Walipopewa nafasi ya kulipa kidogokidogo, kiasi walichokubali kulipa kiliongezeka takriban mara mbili.

Maana yake, watu hawakukosa moyo wa kuokoa. Walikosa dola 40 kwa siku moja. Mwanafunzi anayenunua makala ya kopo kila jioni anajua fika kwamba gunia ni nafuu kuliko makopo, na kwamba jiko bora ni nafuu kuliko babula la bati. Mfuko wake ndio haujui. Likelemba, ule mchango wa zamu ambao Wakongo wameutumia kwa miaka mingi, unaweza kulitatua hili: wanafunzi sita, kila mwezi jiko moja, na baada ya nusu mwaka nyumba nzima imebadilika.

Zipo pia njia zisizo na gharama. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi. Sufuria iliyofunikwa hutunza joto. Sufuria moja ya watu watano hula makala machache kuliko sufuria tano. Ukishaivisha nusu, unaweza kuifungia sufuria ndani ya kapu lenye blanketi na chakula kikaendelea kuiva chenyewe wakati uko darasani.

Afya na usalama kuliko faranga

Jambo moja zaidi linastahili kusikilizwa na viongozi wa vyuo. Mwaka 2015, Omar Asensio na Magali Delmas walichapisha matokeo ya majaribio katika nyumba za familia za wanafunzi wa Los Angeles. Kundi moja liliambiwa kila wiki ni pesa ngapi lingeokoa. Kundi jingine liliambiwa matumizi yake yanaongeza uchafuzi wa hewa kiasi gani, na kwamba uchafuzi huo huchangia pumu ya watoto na saratani. Waliopewa ujumbe wa pesa hawakupunguza. Waliopewa ujumbe wa afya walipunguza kwa asilimia 8, na familia zenye watoto kwa asilimia 19.

Kwa Bunia, afya haiko mbali. Moshi wa babula ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kuua kimyakimya kwa gesi ya kaboni monoksidi, na jenereta iliyowekwa kwenye korido hufanya vilevile. Usalama nao umo. Ituri imekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na kutembea usiku kwenda kuchaji simu au kutafuta taa ya kusomea si jambo dogo, hasa kwa wasichana. Chaji iliyotunzwa nyumbani ni safari moja ya usiku iliyoepukwa. Hiyo ni sababu ambayo hakuna bango la Ulaya limewahi kuiandika.

Vyuo vinaweza kufanya nini?

Mambo manne yanafuata kutokana na hayo yote, na hakuna linalohitaji Inga 3.

Kwanza, mita au kipimo kwa kila chumba katika nyumba za wanafunzi, ili anayebana afaidike mwenyewe. Pili, ubao mlangoni unaoandikwa kila Jumatatu matumizi ya kila jengo, pamoja na pongezi kwa waliobana. Tatu, mkopo mdogo au likelemba inayosimamiwa na kamati ya wanafunzi kwa ajili ya majiko bora na taa za LED. Nne, ukumbi wa kusomea wenye umeme wa jua, uliofungwa na salama, kwa saa zinazojulikana. Taa sita za ukumbi mmoja zinaweza kuhudumia wanafunzi 60, na uhakika wa ratiba huondoa ile tabia ya kujaza kila ndoo. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake tangu mwaka 2014. Bunia inaweza kuanza na paa moja.

Jioni hii, katika vyumba vingi vya mji, kijitaa cha kidhibiti kitageuka chekundu kabla ya kazi ya profesa kumalizika. Mmoja atauliza nani alichaji simu mara mbili. Mwingine atazima taa yake na kusogeza kiti karibu na taa ya mwenzake, ili wote wawili wamalize. Bado wanafanya hivyo kwa kukosa. Umeme wa uhakika ukifika, na ukifika kwa mfumo wa haki, tabia hiyo inaweza kuendelea kwa kuchagua.